Kompyuta Iliyosusa

Benchi letu liko nje ya duka langu la kinyozi, chini ya bati lililochomoza kidogo kama ukingo wa kofia. Nikiwa sina kichwa cha kunyoa, nami hukaa. Asubuhi hutangulia Shangazi na birika lake la kahawa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji. Hufuata Zege, mjenzi ambaye kila kitu duniani hukiona kama ukuta. Kisha Wakili, ambaye si wakili hata kidogo. Alikuwa tarishi wa mahakamani, akastaafu akabaki na koti na methali. Wa mwisho ni Skrubu. Yeye alifanya kazi ya mizani kwenye ghala la nafaka mpaka mvi zikamkuta palepale, na starehe yake ni moja tu: kufungua kompyuta zilizokufa. Hafanyi kwa ajira, wala hana kibao mlangoni. Wengine hufuga njiwa, yeye hufuga kompyuta mbovu. Zamani alizifungulia nyumbani, lakini tangu mkewe apatwe na kiharusi binti yao alisema mama anahitaji utulivu, na Skrubu akalichukua neno hilo kama amri. Akabeba bisibisi, koleo na kopo la skrubu, akahamia kwetu. Umeme anavuta dukani kwangu, waya unapita dirishani.

Siku ninayoisimulia alifika ameikumbatia kompyuta, ameifunika kwa shuka kama mtoto mwenye homa. Skrini, kibodi na kipanya vilikuja nyuma, kwenye toroli ya Zege. Hakusalimia mpaka alipoitua juu ya benchi.

Skrubu: Hamjambo. Leo sitaki mzaha. Hii ni ya mwenzangu.

Zege: Ya shemeji? Ile ya karata?

Skrubu: Hiyohiyo.

Habari ya karata tuliijua sote. Miaka na miaka, ikifika alasiri, kazi za nyumbani zimekwisha, mkewe alikuwa akikaa mbele ya kompyuta hiyo akicheza karata peke yake, na Skrubu upande wa pili wa meza anahangaika na maiti nyingine. Alipougua, mkono wa kulia ukawa mzito na maneno yakawa adimu. Alisema moja, akapumzika, ndipo akasema la pili. Kompyuta nayo haikukawia, ikazimika. Mtoto wao wa kiume anayeishi mbali akatuma laptopu mpya, nyembamba kama sinia. Mama akaitazama, akaisukuma pembeni kwa kiganja. Wakairudisha mbele yake, akaisukuma tena. Ndipo Skrubu alipoapa kwamba kama mpya haitakiwi, basi ya zamani itafufuka.

Shangazi: Tia kwanza kitu tumboni, baba. Kazi ya mgonjwa haifanywi na njaa.

Skrubu: Nikishaiwasha, Shangazi.

Akachomeka waya, akabonyeza. Feni ikaanza kuzunguka, ikakohoa vumbi. Halafu ikalia: pii, pii, pii. Skrini ikabaki nyeusi kama sufuria ya mkaa.

Wakili: Imetoa hukumu.

Zege: Imesema nini?

Skrubu: Ikilia mara moja tu, ni nzima. Ikilia hivi, inalalamika kuna kiungo haikioni.

Wakili: La kuvunda halina ubani.

Shangazi: We Wakili! Mtu anatafuta dawa, wewe unaleta sanda?

Skrubu alichomoa waya, akafungua skrubu za ubavuni moja moja, akizitia ndani ya kifuniko cha kopo, kisha akavuta bati la pembeni. Ndani vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi. Nikamwazima brashi yangu ya kupangusia nywele shingoni mwa wateja, akaanza kupangusa taratibu, huku Zege amejiinamia nyuma yake akichungulia.

Zege: Mbona patupu hivi? Hii nyumba ina vyumba vya bure. Mimi ningepangisha.

Wakili: Debe tupu haliachi kuvuma.

Skrubu: Nafasi hiyo ni ya hewa. Bila hewa inaungua. Na huu ubao mkubwa mnaouona, huu ndio bodi mama. Vingine vyote vimejishika kwake.

Wakili: Ehee! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Humo kuna kitoto hakikufunzwa.

Skrubu: Hapo kidogo umekaribia.

Wakili akajiweka sawa koti, maana si kila siku anaambiwa amekaribia. Zege hakupenda.

Zege: Mimi nasema ni msingi. Kule nyumbani iliwekwa juu ya nini?

Skrubu: Meza.

Zege: Meza imenyooka?

Skrubu: Mguu mmoja mfupi kidogo. Nimeuwekea kipande cha ubao.

Zege: Basi tumemaliza. Umeme ni kama maji, unafuata mteremko. Upande mmoja umejaa mpaka unafurika, upande wa pili umekauka. Hata nyumba ukiijenga hivyo, mlango haufungi.

Skrubu: Umeme haufuati mteremko, Zege.

Zege: Umewahi kuuona?

Skrubu akaendelea kupangusa. Kusema kweli hakuwahi kuuona.

Shangazi: Msingi haumo. Hiyo imesusa. Kila alasiri ilizoea kuguswa na mwanamke, taratibu, hata kucha hazisikiki. Sasa ni wanaume na mabisibisi, mmoja anaipekua, mwingine anaichungulia, wa tatu anaitolea methali za msiba. Hata ningekuwa mimi ningesusa.

Wakili: Shangazi, umegusa kidonda lakini hujafika kwenye mfupa. Jiulizeni, nani aliingia nyumba ile? Laptopu. Mpya, nyembamba, inang'aa. Mmemletea mke mwenza!

Zege: Lakini hii ilizimika kabla laptopu haijafika.

Wakili: Ilisikia. Mke mkubwa hupata habari hata posa haijapelekwa.

Shangazi alicheka mpaka akaliweka birika chini.

Zege: Nani aliyeiambia?

Wakili: Waya. Nyumba nzima iko kwenye waya mmoja. Simu inachajiwa, inasikia mnayoongea, inaipa friji. Friji hailali, inaipa taa. Taa inaipa pasi. Unadhani ukizima swichi unazima na midomo yao?

Zege: Kumbe! Pasi yangu iliniunguzia shati asubuhi ya kwenda ukweni!

Wakili: Ilikuwa na habari zako zote.

Nami, isionekane duka halina mwenyewe, nikatia la kwangu. Nikawaambia mashine yangu ya kunyolea hugoma kila akikaa kitini mtu mwongo, inamvuta nywele. Zege akajipapasa kisogo. Akakumbuka kwamba mara ya mwisho ilimvuta, akauliza kama hilo lina uhusiano. Nikamwambia mimi ni kinyozi tu, mwenye kujua ni mashine.

Kelele zote hizo Skrubu hakucheka. Siku nyingine yeye ndiye hutuchochea, hata hutunga uongo wake kuhusu kompyuta iliyokuwa ikikoroma. Siku hiyo alikuwa amepiga goti kwenye kipande cha boksi, jasho linamtoka puani, anagusa kitu kimoja kimoja kama mtu anayetafuta mahali panapouma. Mwishowe akabana kwa vidole viwili, akachomoa kijiti cha kijani, chembamba, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja.

Skrubu: Nadhani ni hiki.

Zege: Ndicho nini hicho?

Skrubu: Memori. Kumbukumbu yake.

Shangazi: Masikini! Imepoteza kumbukumbu?

Skrubu: Haijapoteza. Kijiti ni kizima. Ila meno yamechafuka, hayagusani na bodi sawasawa. Kitu kipo, njia ya kupitia ndiyo imeziba.

Alipokwisha kusema hivyo, kijiti kikabaki hewani. Tulijua kwa nini. Daktari alimwambia hivyohivyo kuhusu mkewe: maneno yote yamo kichwani, njia ya kutokea ndiyo imeziba. Jioni aliyorudi kutoka hospitali alituhadithia hapahapa benchini, akayarudia mara kadhaa kama anayejifunza wimbo.

Hata Wakili hakutafuta methali.

Shangazi: Na njia ya namna hiyo huzibuliwa kwa kitu gani, baba?

Skrubu: Hii? Kwa raba tu. Ile ya kufutia penseli.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mimi nina wembe, poda na chanuo, raba sina. Zege akasema anayo raba ya bomba la maji, akaambiwa akae. Wakili akavua koti, akaanza kupakua mifuko: kitana, gazeti lililokunjwa, miwani ya mtu mwingine, pipi iliyoshikana na karatasi yake. Mfuko wa ndani kabisa ukatoa penseli fupi, na kwenye kichwa chake raba ya waridi iliyokauka.

Wakili: Akiba haiozi.

Zege: Leo umepatia.

Wakili: Mimi hupatia siku zote, ila mambo ndiyo huwa hayajafika.

Skrubu akaipokea penseli kwa mikono miwili. Akasugua yale meno kidogo kidogo, upande mmoja, kisha wa pili, akipuliza uchafu wa raba. Meno yakang'aa. Akakirudisha kijiti mahali pake, akakikandamiza kwa dole gumba mpaka kikasema ka! Akachomeka waya. Kidole kikaenda kwenye swichi, kikasimama.

Zege: Washa basi.

Skrubu: Ngoja.

Zege: Tunangoja nini?

Skrubu: Zote nilizowahi kufungua, ikikataa nasema haya, nenda zako, lete nyingine. Sijawahi kukosa usingizi. Hii ikikataa, nitaingia ndani nimwambie nini?

Zege ni mtu wa sauti kubwa, amezoea kuongea na watu walio juu ya ngazi. Lakini alichutama kando ya Skrubu, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Zege: Utamwambia haijawaka. Basi. Ukuta ukianguka tunaanza tena kutoka chini, hakuna anayeomba msamaha. Na mimi nitakuja na toroli kila siku utakayoniita.

Wakili: Mchezea tope humrukia.

Shangazi: Wakili, nyamaza. Baba, washa.

Skrubu akabonyeza.

Pii. Mara moja tu. Tukangoja ya pili, haikuja. Skrini ikapepesa, maandishi meupe yakashuka mbiombio, ikalalamika kwamba saa yake imepotea, ikatutajia mwaka ambao mimi bado nilikuwa na nywele zangu mwenyewe. Skrubu akairekebisha. Picha ikatokea. Akatafuta, akabofya, na karata zikajipanga juu ya kitambaa cha kijani, nyekundu na nyeusi, kama zilivyoachwa.

Pale benchini palilipuka. Zege alimpiga Skrubu mgongoni karibu amwangushe juu ya kibodi. Mpita njia mwenye ndoo akasimama kuangalia kama kuna mtu kashinda kitu.

Zege: Nilisema msingi! Hapa nimeweka hili benchi mwenyewe kwa pimamaji. Imepata usawa, imewaka.

Shangazi: Imewaka kwa sababu ilisikia sauti ya mwanamke ikiiambia kwa upole.

Wakili: Imewaka kwa sababu mke mwenza hayupo hapa. Irudisheni nyumbani muone.

Skrubu: Imewaka kwa raba.

Hakuna aliyemsikiliza.

Aliketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa lile shuka. Alikuwa anatabasamu peke yake. Akasema alasiri hiyohiyo ataipeleka, ataiweka mahali pake, kipanya atakihamishia upande wa kushoto ili mkono mzima uweze kukifikia. Akishaiweka, akasema, atatoka, asimsumbue. Wakili aliposikia kipanya akaanza habari ya paka akiondoka panya hutawala, lakini akaishia katikati, maana Shangazi alikuwa amesimama, anaangalia mwisho wa mtaa.

Shangazi: Jamani. Yule si mwenyewe?

Alikuwa mwenyewe. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine umeshikwa na binti yake. Tangu atolewe hospitali hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Alikuwa anaweka mguu mmoja, anafikiri, ndipo anauleta wa pili. Skrubu aliruka kama aliyeunguzwa, akawakimbilia na bisibisi mkononi.

Skrubu: Kuna nini? Ameanguka? Mbona umemtoa kwenye jua hili?

Binti: Hajaanguka, baba. Tangu umetoka anaonyesha mlango. Nimemletea maji, hapana. Nimemwashia redio, hapana. Nikamwuliza, unataka kwenda alipo baba? Akachukua fimbo.

Tulisimama sote. Zege akavua kofia, akatoa mahali pake, pale pasipo na msumari. Shangazi akapafuta kwa upindo wa nguo yake.

Zege: Shikamoo, shemeji. Karibu ukae.

Mkewe: Mara... haba.

Akaketi, akavuta pumzi. Skrubu akaigeuza skrini, akaileta karibu mpaka magotini pake, na sauti yake ikawa ya kijana anayeleta barua ya kwanza.

Skrubu: Tazama. Karata zako. Zote zipo, hata mchezo ulioacha katikati. Tazama, mama.

Alitazama. Mdomo ulitabasamu upande mmoja, ule mzima. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kipanya, akakisukuma kama mtu anayesukuma jiwe, akachukua karata moja nyekundu akaiweka juu ya nyeusi.

Mkewe: Vizuri.

Tukapiga makofi. Zege alipiga mluzi. Lakini mama alikuwa amekwisha kuiacha skrini. Alikuwa anaangalia vitu vingine: koleo juu ya benchi, kopo la skrubu, kile kipande cha boksi chenye alama za magoti, waya unaoingia dirishani kwangu. Aliviangalia kimoja kimoja, kama mtu anayekuta nguo za mumewe zimetundikwa nyumba nyingine. Kisha akamwangalia Skrubu.

Mkewe: Siku hizi... mbona... hutengenezei... nyumbani?

Skrubu akafungua mdomo. Akamwangalia binti yao. Binti akaangalia chini.

Zege, anayejua umeme unateremkia wapi, alikuwa anaigeuzageuza kofia yake mikononi. Wakili alitia mkono katika mfuko wa koti, ukakaa humo humo. Nami nilikuwa na brashi mkononi na sikuwa na cha kupangusa. Na yeye mama, ambaye siku hizo tulizoea kumngojea maneno, safari hii ndiye aliyetungojea sisi. Aliketi kwa utulivu, akatupa muda.

Skrubu: Nilidhani kelele... zile skrubu kuanguka, na mimi kugombana na vitu peke yangu... Nilidhani zinakuumiza.

Mama akatikisa kichwa. Polepole, mara moja.

Binti: Baba, hata laptopu, alipoisukuma alikuwa anaonyesha kiti chako. Mimi nikadhani anataka ahamishiwe hapo. Nikamhamisha, akalia. Nikadhani ni ugonjwa.

Skrubu alipiga goti, tukadhani anataka kusema naye kwa karibu, kumbe anachomoa waya. Akaukunja kuzunguka kiwiko, akaufunga. Akakusanya koleo, bisibisi, kibodi, kompyuta ya mkewe, na kompyuta nyingine mbovu iliyokuwa imelala chini ya benchi muda mrefu, akavipanga kwenye toroli.

Skrubu: Twende, mama.

Walikwenda kwa mwendo wake yeye, mguu mmoja, kisha wa pili, Skrubu amemshika upande mzito. Zege alisukuma toroli nyuma yao kwa hatua za kitoto, akiinama kila panapo na shimo. Wakili alibeba skrini kifuani, koti limemwanguka bega moja, wala hakulipandisha. Mimi nikabeba kopo. Duka nililiacha wazi, na Shangazi akabaki kulilinda.

Siku hizi Skrubu huja benchini jioni jioni tu, kusalimia, na Zege humlaumu kwamba mazungumzo yamekosa uongo wa kitaalamu. Ukitaka kumsikia asubuhi, pita karibu na dirisha lao. Utasikia kitu kimeanguka sakafuni kikabingirika, na Skrubu anakifokea: "Na wewe unakwenda wapi? Rudi hapa!" Utasikia anaguna, anasukuma, anapumua kwa pua. Halafu, kutoka upande wa pili wa meza, sauti ya mama, neno moja, pumziko, neno la pili:

"Umeiweka... kinyume."

Kisha bisibisi inaanza kufungua upya.